Bata mzinga wa Idd: Hakikisha moto unafika mfupani



Sisi tunaokaa katika vyumba vya kuonea wagonjwa tunaijua vizuri siku ya tatu ya Idd. Siku ya kwanza ni ya takbira, nguo mpya na pilau. Siku ya pili ni ya kutembeleana. Siku ya tatu watoto wanaletwa wakiwa wamelegea, wanaharisha na wana homa. Ukiuliza wamekula nini, mzazi anajibu, "Chakula kilikuwa safi kabisa, daktari, nadhani ni jicho la watu."

Hasadi ipo na Uislamu umetufundisha kujikinga nayo. Lakini mara nyingi kilichomwingia mtoto tumboni ni kijidudu kilichotoka jikoni kwetu wenyewe. Vijidudu kama salmonela na kampilobakta huishi ndani ya matumbo ya ndege wafugwao bila hata kuwadhuru ndege wenyewe. Mtu akivila huweza kuumwa baada ya masaa machache tu, au baada ya siku mbili, tatu, hata tano. Ndiyo maana lawama huenda kwa jirani, wakati mkosaji ni kisu na ubao wa kukatia.

Leo tuzungumzie bata mzinga, ambaye katika baadhi ya nyumba za Njombe na Makambako huandaliwa siku ya Idd pale wageni wanapokuwa wengi. Nyama yake ni nyingi na ina mafuta kidogo. Tatizo ni kwamba wengi tunamwandaa kama kuku, na yeye si kuku. Kuku wa kilo moja na nusu akiiva nje, ndani naye amekaribia. Bata mzinga wa kilo tano au nane anaweza kuwa mwekundu wa kupendeza nje, na pajani karibu na mfupa akawa bado mbichi.

Je, ni halali? Je, ni udhia?

Asili ya ndege huyu ni Amerika. Wamisri humwita diik ruumi, yaani jogoo wa Rumi. Anakula nafaka, majani na wadudu, wala hana kucha za kuwindia, hivyo ni halali akichinjwa kisheria. Lakini hafai kuwa udhia. Udhia ni wanyama wa mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwenye uwezo wa udhia asijifariji na bata mzinga.

Hapo hapo pana nafuu. Kwa kuwa si udhia, hufungwi na sharti la kusubiri swala ya Idd ndipo umchinje. Unaweza kupanga muda wako kwa kuangalia usalama wa chakula.

Kuchinja na kusafisha

Kwanza, usichinje ndege anayeumwa ili "kuwahi kabla hajafa". Ndege anayezubaa, aliyevimba kichwa, anayeharisha kijani au aliyepinda shingo huenda ana mdondo au maradhi mengine. Mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo. Aliyekwisha kufa ni mfu, na mfu ni haramu, hakuna mjadala.

Ndege mzima mnyime chakula kwa masaa manane hadi kumi na mawili kabla ya kuchinja, lakini maji mpe. Matumbo yakiwa matupu, hatari ya kinyesi kumwagika juu ya nyama hupungua. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha ihsani hata katika kuchinja, na kwamba kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Kwa bata mzinga ihsani hiyo inahitaji watu wawili, kwani mabawa yake yana nguvu: mmoja ashike mabawa na miguu, mwingine achinje kwa Bismillah, akate koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya damu. Kisha mwacheni afe kabisa na damu ichuruzike yote. Damu inayochuruzika ni najisi kisheria, na kitabibu ni chakula kizuri cha vijidudu.

Sasa manyoya. Wengi humtumbukiza kwenye maji yanayotokota. Katika vitabu vya fiqhi limo onyo juu ya kumchemsha ndege kabla ya kumtoa matumbo, kwa kuhofia uchafu kupenya nyamani. Basi osha kwanza damu ya shingoni, kisha changanya sehemu mbili za maji yaliyochemka na sehemu moja ya maji baridi. Mtumbukize kwa muda wa dakika moja hivi, ukimgeuzageuza. Manyoya yatang'oka na ngozi haitaiva.

Toa kifuko cha chakula cha shingoni. Kata kwa kuzunguka tundu la nyuma, vuta matumbo yote kwa pamoja, na uangalie usipasue nyongo wala utumbo. Kumwosha, tumia beseni lenye maji ya kutosha badala ya bomba linalofunguliwa kwa nguvu. Maji yakiruka, hurusha vijidudu kwenye vyombo, kwenye kanga na kwenye chakula kilicho karibu. Maliza kwa kuosha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni na maji ya moto.

Huku kwetu maparachichi ni mengi na kachumbari haikosekani mezani. Kachumbari na parachichi haviendi motoni. Ukivikata kwenye ubao uliokatia nyama mbichi, umewapelekea wageni wako vijidudu vibichi. Tenga ubao na kisu cha mboga, au kata mboga kwanza, nyama baadaye.

Aliyegandishwa

Wapo wanaoletewa ndege wa barafu kutoka Dar es Salaam, wakimpokea kwenye basi pale Makambako. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Akifika angali mgumu kama jiwe, mwingize kwenye friji na mhesabie siku nzima kwa kila kilo mbili. Wa kilo tano anahitaji kama siku mbili na nusu. Kwa haraka zaidi, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Wa kilo tano atachukua kama masaa matano, na akiyeyuka apikwe hapo hapo. Usimwache ayeyukie mezani usiku kucha. Akifika ameshalegea, ana joto na ananuka, mrudishe kwa aliyemtuma.

Baridi ya Njombe si friji

Hapa nawaomba tusikilizane vizuri. Mwaka 2023, 2024 na 2025 Idd el-Hajj iliangukia mwezi Juni, wakati wa baridi yetu. Utasikia mtu anasema, "Huku hatuhitaji friji, Mungu ametupa baridi."

Vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Usiku wa Juni nje kunaweza kuwa na baridi kali, lakini jikoni ambako moto umewaka tangu jioni si nje. Na bata mzinga mzima hukaa na joto lake ndani ya kifua kwa masaa mengi hata ngozi ikiwa baridi.

Kwa hiyo, mwenye friji achinje siku moja kabla, amkate vipande na kumhifadhi humo, sehemu ya chini, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Asiye na friji achinje asubuhi ile ile ya Idd na apike moja kwa moja. Chakula kitachelewa hadi baada ya adhuhuri, na hakuna ubaya. Asubuhi kunyweni chai na maandazi.

Moto

Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari, chumvi na ndimu ni viungo vizuri. Lakini ndimu haiivishi nyama wala haiui vijidudu vyote. Kinachoua ni joto. Nyama ya ndege huwa salama inapofika nyuzi 74 katikati, sehemu nene ya paja na ya kifua. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome hapo bila kugusa mfupa. Vipimo vyetu vya kienyeji, kama maji ya nyama kuwa meupe bila wekundu na kiungo cha paja kulegea, vinasaidia, ila havina uhakika kamili. Asiye na kipimajoto asimpike mzima.

Njia ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi ni hii. Mkate vipande vinane au zaidi. Paka viungo, tia kwenye sufuria kubwa na maji kiasi, funika na uchemshe kwa moto wa wastani hadi nyama ianze kuachia mfupa. Mji wa Njombe uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,900 hadi 2,000, na Makambako kwa zaidi ya mita 1,600. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 93 hadi 95 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Joto hilo linatosha kuua vijidudu, ila nyama huchelewa kulainika. Shemeji wa Tanga akikwambia "saa moja inatosha", wewe ongeza nusu saa au zaidi, na kwa ndege mzee ongeza tena. Supu yake itie kwenye pilau. Vipande vipake mafuta kidogo, kisha vichome juu ya makaa kwa dakika 15 hadi 20 vipate rangi.

Mwenye jiko la umeme au gesi lenye oveni anaweza kumwoka mzima kwa nyuzi 165. Wa kilo tano huchukua kama masaa matatu, na akitoka apumzike dakika 20 kabla ya kukatwa. Ukimpasua mgongoni na kumlaza bapa, ataiva mapema na kwa usawa zaidi. Usimjaze wali tumboni. Wali ule hunyonya maji ya nyama mbichi, na huwa wa mwisho kupata joto.

Jiko la mkaa linaua kimya kimya

Kuchoma ndege mkubwa ni kazi ya masaa mengi, na kwa baridi yetu mtu hufunga mlango na madirisha ili jikoni kuwe na joto. Baada ya kula, jiko lenye makaa yaliyobaki huingizwa chumbani "watoto walale na joto".

Ndugu zangu, makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ndiyo bado inatoka. Hewa hii hukalia damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Usiku wa Idd watu hudhani ni shibe au chakula kibaya, wakarudi kulala, na wengine hawaamki. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja bila homa, watoeni nje haraka, kisha muwahi hospitali. Chomeni nyama uwanjani au kwenye banda lililo wazi. Jiko lisilale ndani.

Kupakua na viporo

Chakula cha Idd hukaa mezani tangu adhuhuri hadi magharibi, kila mgeni akipakua. Nyama na pilau visikae zaidi ya masaa mawili bila moto wala friji. Pakueni kidogo kidogo, sufuria ibaki motoni ikitoa mvuke. Wali nao una kijidudu chake ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na ukilala kwenye joto hutengeneza sumu isiyoondoka hata ukiupasha. Kiporo kitandazwe kwenye sinia kipoe haraka, kiingie kwenye friji, na kesho kipashwe hadi kitoe mvuke wote. Asiye na friji apike cha kutosha tu, na ziada awapelekee majirani mapema ingali moto. Jirani ana haki juu yetu, awe Mwislamu au Mkristo, na si katika haki hiyo kumpa kilicholala.

Akiumwa

Anayeharisha apewe maji yenye dawa ya ORS, pakiti moja kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apatiwe vidonge vya zinki kituoni. Msinunue dawa za kuua vijidudu dukani kwa kubahatisha. Mkiona damu katika choo, homa kali, macho kuzama, mtoto hakojoi au anatapika kila kitu, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mjamzito, mzee na mtoto mchanga wasisubiriwe hata kidogo.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula vilivyo halali na vizuri. Uhalali wa bata mzinga unaanza kwenye kisu, na uzuri wake unakamilika kwenye sabuni, moto na saa. Anayewalisha watu siku ya furaha amebeba amana ya afya zao.

Wabillahi tawfiq.