Usitie Samaki Kwanza

Anayenunua tangi la kioo na samaki wa mapambo siku moja mara nyingi hurudi dukani wiki hiyo hiyo na malalamiko. Samaki wanahema juu ya maji, kisha wanakufa mmoja mmoja. Lawama huangukia muuzaji, au maji ya mfereji, au ugonjwa usiojulikana. Kumbe maji yalikuwa safi machoni tu. Hayakuwa tayari kubeba uhai.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini ya tangi huiongeza. Amonia hiyo huunguza matamvua yao. Katika mto Nzoia au Kuywa, bakteria walioshika mawe na tope huishughulikia daima. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, na la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, jambo ambalo mwanasayansi Sergei Winogradsky alilithibitisha karibu mwaka 1890. Nitriti nayo ni hatari: huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki huhema hata pampu ya hewa ikifanya kazi vizuri. Nitrati ni nafuu; huondolewa kwa kubadilisha maji, na mimea huinyonya. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, na inabidi kuwangoja wazaliane.

Wafugaji wa samaki wa Bungoma wanalijua jambo hili kwa namna yao. Mpango wa serikali ya Kenya wa kuchochea uchumi, ulioanza 2009, ulichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140 ulikoanzia, kila bwawa likiwa na mita mraba 300. Mfugaji makini hamwagi vifaranga mara bwawa linapojaa. Hutia samadi kwanza, akasubiri maji yageuke kijani, ndipo alete ngege au kambare. Ukijani huo ni mwani, ambao hula amonia, na tope hufanya sehemu yake. Tangi la sebuleni halina tope wala jua, kwa hiyo kazi yote hubaki kwa sponji la chujio.

Basi jaza tangi, washa chujio usiku na mchana, lakini usilete samaki. Klorini ya maji ya mfereji huua bakteria, hivyo yaache maji siku nzima kwenye ndoo wazi huku yakipigwa hewa. Kila siku tupia punje chache za chakula cha samaki. Kitaoza na kutoa amonia. Ukimjua mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji lake. Hakuna msaada unaoushinda huo, kwani bakteria wanakuja wakiwa wameshakomaa.

Pima kwa matone au vipande vya kupimia. Amonia itapanda, kisha ishuke nitriti ikipanda, na mwisho nitriti nayo ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri siku moja baada ya kulisha tangi, na nitrati ikawa imeonekana, tangi liko tayari. Kwa kawaida hilo huchukua wiki nne hadi sita. Kitale, iliyo mwinuko wa takriban mita 1,900, usiku wake wa baridi hurefusha muda, kwa hiyo hita ya nyuzi 25 hadi 28 inafaa. Stima ikipotea kwa saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni. Pampu ya betri ni akiba ya lazima. Na usisafishe sponji kwa maji ya mfereji. Lisugue kwenye maji uliyotoa tangini.

Hata hapo leta samaki wawili watatu, ungoje, ndipo uongeze. Aliyekwisha kutia samaki asikate tamaa: abadilishe robo ya maji kila siku, apunguze chakula, atie chumvi kidogo isiyo na iodini, kwani kloridi yake huzuia nitriti kuingia mwilini mwa samaki.

Ombi langu ni kwa wauzaji: uzeni tangi na chujio leo, na mwambieni mteja arudi mwezi ujao kuchukua samaki.