Mapafu Mazima, Pumzi Haitoshi: Mshipa Ulioumia Nilipopasuliwa Moyo

Usiku wa tatu tangu nirudi nyumbani kutoka hospitali, mke wangu aliamka mwendo wa saa nane akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono nimeitegemeza magotini, nahema kama mtu aliyekimbilia feri ya mwisho. "Baba watoto, ni moyo?" akaniuliza. Sikuwa na la kumjibu. Nikilala chali pumzi inakatika. Nikiketi inarudi. Mpaka adhana ya alfajiri tulikuwa tumekaa hivyo, yeye na tasbihi yake, mimi na pumzi zangu.

Nilikuwa nimebadilishiwa vali ya moyo. Ile ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyonishika utotoni, maradhi ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa na kuja kudai deni lake baada ya miaka mingi. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kidonda kilifunga, vali mpya ilipimwa ikaonekana inafungua na kufunga barabara. Mapafu yalisikilizwa yakasemwa ni safi. Lakini pumzi haitoshi.

Kwanza nikaambiwa ni pumu, nikapewa dawa ya kuvuta kwa pampu. Miezi miwili nimevuta, haikubadilika hata chembe. Kisha nikaambiwa ni hofu, kwamba wengi waliopasuliwa moyo huingiwa na wasiwasi. Hofu nilikuwa nayo, sikatai. Mtu anayekabwa kila akilaza mgongo ataacha vipi kuogopa? Mtaani nako wakasema ni jicho. Shangazi yangu akaniletea kombe na nikalinywa, siioni haya kulisema. Kombe halikunidhuru. Lililonidhuru ni ile miezi mitano iliyopita bila mtu kuniuliza swali moja: pumzi inakukatikia ukiwa umekaa vipi?

Maana dalili zilikuwa wazi kwa atakayeuliza. Nikilala chali, taabu. Nikiinama kuosha miguu wakati wa kutawadha, taabu. Kwenye sujudu ndiko kubaya zaidi, nilikuwa nainuka kabla ya imamu. Na siku moja watoto walinipeleka ufuoni Pirates, nikaingia majini polepole. Maji ya magotini, salama. Ya kiunoni, salama. Yalipofika kifuani pumzi ikafunga kama mlango uliopigwa na upepo wa kusi. Mimi nimekulia baharini, nimeogelea kabla ya kujua kusoma, na siku hiyo nilitoka majini nimeshikwa mkono na mjukuu.

Kliniki iliyofuata nilimkuta daktari kijana aliyekuwa ameshika zamu ya mwenzake. Nikamweleza habari ya bahari, kwa mzaha tu. Akaweka kalamu chini. "Na ukiinama kufunga kamba za viatu, Maalim?" Nikamwambia navaa makubadhi, hayana kamba, lakini kutawadha kwaniua. Akaitafuta picha ya eksirei ya kifua changu, ileile iliyokuwa ndani ya faili tangu mwanzo, akaiinua kwenye mwanga. Wote waliotangulia walitazama moyo na mapafu. Yeye alitazama sakafu yake.

Neno kiwambo sisi watu wa Pwani tunalijua kabla ya kulisikia hospitalini. Ni kitu kilichowambwa: ngozi juu ya ngoma, kamba juu ya kitanda. Mwilini nako kuna kiwambo, msuli mpana uliowambwa kati ya kifua na tumbo, umebinuka kama kuba la msikiti. Ukivuta pumzi msuli huo hujikaza ukashuka, kifua kikapata nafasi, hewa ikaingia. Ukilegea hupanda na hewa hutoka. Mtu akiwa ametulia, kiasi cha asilimia 70 ya kazi ya kuvuta hewa hufanywa na kiwambo. Mbavu na misuli ya shingo ni wasaidizi tu.

Kwa kawaida upande wa kulia wa kiwambo huwa juu kidogo kuliko wa kushoto, kwa sababu chini yake kuna ini. Kwenye picha yangu ilikuwa kinyume. Upande wa kushoto ulikuwa umepanda kifuani na kubana pafu. Nikapelekwa kwenye altrasaundi, wakanipaka mafuta ubavuni, wakaniambia ninuse haraka haraka kama mtu anayetafuta harufu ya vitumbua. Ukinusa hivyo, kiwambo kizima hushuka kwa ghafla. Wa kulia ulishuka. Wa kushoto ukapanda, umevutwa juu kwa kuwa hauna nguvu zake wenyewe. Nikapulizishwa pia kwenye mashine ya kupima pumzi, mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimelala. Mtu mwenye afya akilala hupungukiwa kidogo, asilimia 10 au chini ya hapo. Mimi nilipungukiwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Msuli haukuwa na ugonjwa. Uliokatikiwa na amri ndio huo. Kiwambo huendeshwa na mishipa miwili ya fahamu iitwayo freniki, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Njia yake ni ndefu ajabu: huanzia shingoni, kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano, ikateremka kifuani, ikapita ubavuni mwa moyo juu ya mfuko unaoufunika, ndipo ikafika kwenye kiwambo. Kwa hivyo popote daktari anapopasua shingoni au kifuani, mshipa huu u jirani.

Katika upasuaji kama wangu moyo husimamishwa na mashine ikashika kazi ya kuzungusha damu. Moyo uliosimama hupozwa ili usiharibike, na baadhi ya madaktari huuzungushia barafu iliyosagwa. Baridi hiyo ikiugusa mshipa wa freniki wa kushoto inaweza kuufisha ganzi kwa miezi. Wengine mshipa huvutwa, au huumia wakati mshipa wa damu wa ndani ya kifua unapochukuliwa kutengenezea moyo njia mpya ya damu. Wanaotolewa uvimbe kifuani au shingoni nao wamo hatarini. Hata sindano ya ganzi inayopigwa shingoni kwa ajili ya upasuaji wa bega huweza kukilaza kiwambo cha upande huo, ila hicho kwa kawaida huamka baada ya saa chache.

Sisemi daktari aliyenipasua alikosea. Hilo hutokea hata kwenye mikono mizuri, na vali yake ndiyo iliyonifikisha leo. Lakini karatasi niliyotia sahihi ilitaja kuvuja damu, kuoza kidonda, kiharusi na kifo. Mshipa wa pumzi haukutajwa. Ningekubali upasuaji vilevile. Tofauti ni kuwa usiku ule wa tatu ningejua la kumjibu mke wangu.

Habari ya kutuliza ni kwamba mshipa uliopatwa na baridi au kuvutwa, bila kukatwa, mara nyingi hupona. Mshipa wa fahamu hukua taratibu, kiasi cha milimita moja kwa siku, kwa hivyo hesabu ni ya miezi, wengine mwaka, wengine miwili. Kazi ya mgonjwa ni kuishi vizuri katikati ya hapo.

Mimi nilianza na kitanda. Mito haifai, usiku huteleza ukajikuta umelala chali. Seremala wa mtaani alinitengenezea ubao wa mteremko, nikaweka godoro juu yake, kifua kikawa juu ya tumbo. Usiku wa kwanza nililala saa tano mfululizo. Wengine hupata nafuu kwa kulala ubavu. Jaribu pande zote mbili, mwili wenyewe utakuchagulia.

Kisha tumbo. Chini ya kiwambo cha kushoto kuna tumbo la chakula, na likijaa linakisukuma juu kile ambacho hakiwezi kujitetea. Sahani ya pilau niliyozoea ilikuwa ikinikaba kuliko ngazi. Sasa nala kidogo mara nyingi, soda nimeiacha, na mbaazi za nazi nazila mchana tu, si kwa chakula cha usiku, kwa sababu ya gesi. Mwezi wa Ramadhani ulinisumbua mpaka nikarudi kwenye mwendo wa wazee wetu: tende na maji, swala ya magharibi, ndipo futari, na futari yenyewe isiwe mlima. Kukosa choo pia hubana pumzi, jambo ambalo sikulitarajia. Na udi wa mke wangu, ambao ni nusu ya mapenzi yetu, siku hizi hufukizwa nikiwa barazani.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kahawa chungu ya moto, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Akanifundisha pia kutoa pumzi wakati wa kazi ngumu: nainama natoa, nainua ndoo natoa. Zamani nilikuwa nabana pumzi nikiinama, na ndipo nilipokuwa nakwama. Baada ya kidonda cha kifua kukomaa alinipa kifaa kidogo chenye springi, cha kuvuta hewa kwa nguvu, pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, ili misuli iliyobaki ipate nguvu. Hicho usikianze bila ruhusa ya daktari wako, hasa kama umepasuliwa karibuni.

Mlima wa Likoni ukishuka feri ndio mtihani wangu. Umati wote unakimbia kwenda kuwahi matatu. Mimi husubiri mbele waishe, napanda hatua nne kwa kutoa pumzi moja, nasimama penye kivuli. Mwanzoni niliona aibu kupitwa na akina mama wenye mizigo kichwani. Aibu hiyo ilipita baada ya wiki.

Iliyoniuma zaidi ni kazi. Nimefundisha Qurani zaidi ya miaka 20, na pumzi ndiyo jembe la msomaji. Nilikuwa nakatika katikati ya aya, wanafunzi wanatazamana. Lakini elimu ya kusoma ilishaona mbali: aliyekatikiwa na pumzi husimama pale ilipomkatikia, akarudi neno moja au mawili nyuma panapofaa maana, akaendelea. Nilikuwa nikiwafundisha watoto hilo kama kanuni ya kitabuni. Sasa waniona nikilifanya kila siku. Adhana nimemwachia kijana.

Kwa swala nilimwendea sheikh wangu, ingawa jibu nilikuwa nalijua: asiyeweza kusujudu huketi akaashiria, na ishara ya sujudu huinama zaidi kuliko ya rukuu. Kulijua ni jambo moja. Siku ya kwanza nilipobeba kiti kuingia msikitini nilikaa safu ya mwisho kabisa, karibu na viatu.

Yapo mambo ambayo si ya kuvumilia nyumbani. Ukiamka kila asubuhi na kichwa kinauma na mchana kutwa unasinzia, huenda usiku hupumui vya kutosha na hewa chafu inabaki damuni. Kuna mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa wakati wa kulala, na daktari ndiye wa kuamua. Midomo kuwa ya buluu, kushindwa kumaliza sentensi, homa yenye makohozi, maumivu ya kifua au mguu mmoja kuvimba, hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Dawa za usingizi na za maumivu makali hupunguza pumzi, kwa hivyo mwambie kila anayekuandikia dawa kuwa kiwambo chako ni kibovu. Hata daktari wa meno mwambie.

Mama mwenye mtoto mchanga aliyepasuliwa moyo asingoje kama nilivyongoja mimi. Mbavu za mtoto bado laini na kiwambo ndicho humfanyia karibu kazi yote, hivyo upande mmoja ukilala mtoto huweza kushindwa kutolewa kwenye mashine ya kupumua au kunyonya akachoka. Kwao, na kwa watu wazima ambao mshipa haukuamka baada ya muda mrefu, kuna upasuaji wa kukikunja kiwambo kilicholegea na kukishona. Haukirudishii mwendo. Ni kama kukaza kamba za kitanda kilichobonyea: hakipandi tena kubana pafu.

Mimi sikufika huko. Mwezi wa kumi na nne nilirudi kwenye altrasaundi, nikapakwa mafuta, nikanusa. Upande wa kushoto ulitikisika, ukashuka kama sentimita moja. Daktari yule kijana akanigeuzia kioo nione mwenyewe, nikamwomba anirudishie, nikanusa mara tatu zaidi bila ya lazima.

Ubao wa kitanda bado upo. Juzi isha nilijaribu kusujudu chini, nikaweza rakaa mbili, zilizobaki nikarudi kitini. Baharini naingia mpaka kiunoni, mjukuu akiwa mbele.