Krimu ya Chunusi: Kidogo na Polepole

Akina mama na vijana wa Kibera na Kawangware, tusidanganyane: si kila mkebe wa sokoni ni dawa.

Tretinoini ni dawa ya jamii ya vitamini A. Huzibua matundu ya ngozi, chunusi zikapungua, na ikitumiwa miezi mingi hupunguza makunyanzi. Si ya kujichubua.

Inatumiwaje? Usiku osha uso, ungoje ukauke kabisa. Kiasi cha punje moja ya mbaazi chatosha uso mzima. Leo paka, kesho pumzika. Ngozi ikiwasha na kubambuka, punguza, maana ngozi yetu nyeusi ikiungua hubaki na madoa. Mchana jikinge na jua. Usikate tamaa kabla ya wiki 12.

Mama mjamzito, au anayetafuta mtoto, asiitumie.

Krimu ya kuchanganywa, isiyo na lebo, tuiache. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado huuzwa kichinichini. Zebaki huharibu figo. Basi kabla kikundi hakijachanga pesa, someni lebo pamoja, kisha mkamwulize mhudumu wa afya.