Usimwage gongo kwenye tangi la pikipiki

Petroli inayouzwa Kiruruma husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Migomba iko nyuma ya nyumba, na rubisi haijawahi kukosekana. Kwa nini basi mkulima wa Karagwe au Kyerwa asiendeshe pikipiki kwa ndizi?

Injini yenyewe haina ubishi. Brazili ilianzisha mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, na magari mengi ya kawaida hutembea na petroli yenye ethanoli asilimia 10 bila kufanyiwa marekebisho. Tatizo ni maji. Gongo, hata ile kali, ina maji mengi. Ukiichanganya na petroli kwenye chupa, ukaitikisa na kuiacha itulie, petroli hukaa juu. Maji na kilevi hushuka chini. Kwenye tangi, chini ndiko mafuta yanakochukuliwa kwenda kwenye injini. Kuchemsha tena na tena hufikia kilevi cha asilimia 96 hivi na kukwama hapo. Maji yaliyobaki huondolewa kwa mitambo ya kiwandani. Tena, kupika gongo ni kosa kisheria.

Tuje kwenye hesabu. Rubisi ikiwa na kilevi cha asilimia 5, dumu la lita 20 lina lita 1 tu ya ethanoli. Lita hiyo ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Muulize muuza rubisi yeyote kama atakubali kutoa dumu zima kwa bei hiyo!

Ndiyo maana waliojaribu kwa dhati walitumia molasi, masalia ya kiwanda cha sukari. Malawi, nchi isiyo na bahari, ilianza mwaka 1982 huko Dwangwa. Kenya ilifuata mwaka 1983 kwa ethanoli ya Muhoroni, lakini bei ya mafuta duniani iliporomoka mwaka 1986, na mpango ukafa mwaka 1993.

Kwa Kagera, molasi iko Missenyi, kwenye kiwanda cha Kagera Sugar. Mkulima wa miwa anayekiuzia kiwanda ana haki ya kuuliza, siku ya kupanga bei, molasi inauzwa kwa nani na kwa kiasi gani.