Funga Kabati kwa Ajili ya Anayefagia

Kama ufunge vitu vyako kwenye chumba cha kubadilishia nguo au usifunge ni swali dogo mpaka siku simu ipotee. Kabla ya siku hiyo, wafanya mazoezi wa Karatu wapo wa aina mbili na wanaishi kwa amani. Wa kwanza hufika na kufuli lake, akafunga kabati na kuning'iniza ufunguo shingoni. Wa pili hutundika suruali kwenye msumari, akatia simu ndani ya kiatu na soksi juu ya simu, kisha akaenda kunyanyua vyuma akiamini kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mwizi aliyewahi kuwaza habari za soksi.

Mahali penyewe pa kufanyia mazoezi panatofautiana sana. Kwenye loji zilizo vilimani juu ya mji, karibu na mashamba ya kahawa, kuna bwawa, mashine za kukimbilia na makabati ya mbao yenye funguo zake. Huku mtaani jimu ni fremu ya duka iliyokosa mpangaji wa duka. Vyuma vimechomelewa na fundi wa jirani, vingine ni makopo yaliyojazwa saruji, na spika ni kubwa kuliko mlango. Makabati hayapo. Vitu vya thamani huwekwa mezani kwa mwenye jimu, ambaye pia ndiye mwalimu, mpokea fedha na mchagua muziki.

Asiyefunga ana hoja yake, na ni hoja yenye heshima. Anasema hapa tunajuana. Kufunga kabati mbele ya mwenzako, mtu mnayesali naye na ambaye watoto wenu wanasoma shule moja, ni kumwambia kwa vitendo kwamba humwamini. Hoja hii ingetosha kama Karatu ingekuwa kijiji. Lakini huu ni mji wa barabarani. Msafara wa kwenda Ngorongoro na Serengeti unapita hapa asubuhi na kurudi jioni. Kuna madereva wa kulala usiku mmoja, kuna vibarua wanaoshuka Mang'ola wakati wa vitunguu, na siku ya mnada mji hujaa watu usiowajua hata kwa sura. Anayesema tunajuana huwa anawahesabu wale anaowajua tu.

Tena hilo la kwamba kufunga ni tusi halina mashiko ukipanda kilomita chache na kuvuka lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Ndani ya kreta ya Ngorongoro wageni hawaruhusiwi kushuka garini ovyo. Hushuka sehemu chache zilizotengwa, kama Ngoitokitok penye chemchemi na bwawa la viboko. Dereva akisimamisha gari hapo, husema kabla hajazima injini: fungeni vioo, na paa lishushwe. Tumbili na nyani wa eneo hili wamesomea kazi yao. Kufuli hawaliwezi, ila zipu wanaielewa, na mlango ulioachwa wazi wanauelewa zaidi. Juu yao kuna mwewe, ambaye hushuka kwa kasi na kuchukua kipande cha kuku mkononi mwa mgeni aliyekuwa bado anatafuta pembe nzuri ya kupigia picha. Kwa hiyo wengi hulia chakula ndani ya gari lililofungwa, mbele ya mandhari waliyoilipia kuiona. Sijasikia mtu akilalamika kwamba kufunga kioo kumewavunjia nyani heshima.

Eneo hilohilo lina mfano mzito zaidi. Mwaka 1978, huko Laetoli, upande wa Endulen, timu ya mtafiti Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Hicho ni kitu cha thamani ambacho huwezi kukibeba kukipeleka benki. Nyayo zikafukiwa, na kufuli hilo la kwanza likawa baya: udongo uliofukia ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, na mizizi ikaanza kutishia kile kile kilichofichwa. Ikabidi katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wafukue, waue mizizi, kisha wafukie upya kwa tabaka la kitambaa maalumu cha kuzuia mizizi, mchanga na mawe. Pamoja na hayo walikaa na wazee wa Kimaasai, na laiboni, kiongozi wao wa kiroho, akaendesha ibada ya baraka mahali pale, ili eneo lieleweke kuwa ni la kulindwa. Yaani kinga ya mawe ilikwenda pamoja na makubaliano na majirani, na hakuna aliyeona kwamba kimoja kinakidharau kingine. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lilikwenda njia nyingine: limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ndani ya chumba cha hifadhi. Lina umri wa miaka zaidi ya milioni 1.7 na bado limefungiwa.

Wapo pia wanaosema zamani hatukufunga. Nani hao? Wairaqw, wenyeji wa Karatu na Mbulu, walichimba tembe ndani ya mlima, paa likiwa usawa wa ardhi, ili watu na ng'ombe wasionekane na wavamizi. Kufuli kubwa kuliko nyumba iliyozikwa sijui utalitoa wapi. Boma la Kimaasai halina kitasa, lakini lina uzio wa miiba, na lango lake huzibwa kwa tawi la miiba kila usiku. Ng'ombe naye ana alama ya moto na mkato wa sikio, hivyo akikutwa zizini kwa mtu mwingine anajieleza mwenyewe. Juu ya yote boma haliachwi bila mtu. Kuna bibi, kuna watoto, kuna jicho. Watu wa zamani walifunga sana, na walichokosa ni duka la kuuza kufuli tu.

Hapo ndipo chumba cha kubadilishia nguo kinapokuwa na matatizo yake ya pekee. Kote kwingine jicho linaruhusiwa. Dukani kuna muuzaji, benki ina kamera, na getini kwenye loji yupo mlinzi mwenye daftari. Chumba hiki ndicho pekee ambamo kwa adabu, na kwa akili ya kawaida, hutakiwi kuweka mlinzi wala kamera. Watu wanavua nguo. Tumeondoa jicho kwa makusudi, na mahali pa jicho lazima pawe na kitu.

Klabu zetu za mpira, kwa njia zao, zimetambua kwamba chumba hiki si cha kuaminiwa. Simba na Yanga kwa nyakati tofauti zimewahi kupigwa faini kwa kukwepa mlango rasmi au vyumba vya kubadilishia nguo. Ila huko hofu ni ya kitu ambacho huenda kimewekwa ndani, siyo kitakachochukuliwa. Kufuli halisaidii. Tuwaachie wenyewe.

Kwa mwizi wa kawaida kufuli linasaidia, ingawa siyo kwa namna watu wanavyodhani. Kufuli dogo la bei rahisi ni kifaa dhaifu. Ndani yake kuna pini chache, na makufuli mengi ya namna hiyo hutengenezwa kwa idadi ndogo ya funguo, kiasi kwamba ufunguo wa jirani waweza kufungua la kwako bila yeyote kukusudia. Kipande cha bati jembamba kikipitishwa penye upinde, mengine hufunguka. Lile la namba hufunguka kwa subira. Na hata kufuli likiwa imara, bawaba za kabati la mbao hushikwa na skrubu mbili fupi. Mwizi aliyedhamiria hatazuiliwa.

Lakini watu wengi wanaochukua vitu vyumbani humo hawakudhamiria. Waliona. Kati ya kuona simu iliyolala wazi na kuitia mfukoni kuna sekunde tatu, na mtu akishamaliza anaweza hata kujiambia kwamba aliiokota. Kufuli hufuta sekunde hizo tatu. Anayetaka simu sasa inabidi avunje, na kuvunja kuna kelele, kunahitaji kifaa, kunaacha alama.

Alama ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kitu kikitoweka kutoka kwenye kabati lililofungwa, tunajua kilichotokea: bawaba imeng'oka au kufuli limekatwa. Kikitoweka kutoka kwenye msumari hatujui chochote. Labda umekisahau nyumbani. Labda rafiki amekisogeza. Labda kimeanguka nyuma ya benchi. Labda kimeibwa, na kati ya watu ishirini walioingia hakuna wa kumtenga. Akili ya binadamu haipendi hali hiyo, kwa hiyo inatafuta mtu. Na mtu huyo huwa yupo tayari, ana ufagio mkononi.

Yule dada wa usafi ndiye anayeingia kila chumba, ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na ndiye asiye na rafiki meneja. Mteja akipiga kelele mapokezi, ataitwa yeye kwanza. Mkoba wake utafunguliwa mbele ya watu. Ataulizwa kwa nini alichelewa kutoka, na jibu lolote atakalotoa litaonekana limechelewa. Jioni simu ikipatikana chini ya kiti cha gari la mteja, mteja atasema samahani kwa meneja. Kwa kazi ya loji katika mji mdogo maneno yanatembea haraka kuliko barua ya utambulisho. Aliyewahi kutajwa katika upotevu huulizwa habari hiyo kila anapokwenda kuomba kibarua, hata kama hakushitakiwa. Sheria nayo haimtazami kwa huruma: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeutenga wizi wa mtumishi kwa mali ya mwajiri, au mali iliyomfikia kwa ajili ya mwajiri, na kuupa adhabu kubwa kuliko ya wizi wa kawaida.

Kwa hiyo ninapofunga kabati simtuhumu yeyote. Ninampa anayefagia ushahidi wake mapema. Asiyefunga kwa kuwa anawaamini watu amewaachia watu hao mzigo wa kuthibitisha kwamba imani yake ilikuwa sahihi, na mzigo huo haugawanywi sawa.

Wenye majengo nao wana yao. Ukutani huandikwa kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote. Tangazo hilo lina faida kwa mpiga rangi aliyelipwa kuliandika. Kisheria halimalizi kila kitu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza ya kwake. Ukimpa mhudumu mkoba mkononi, akakupa kibao chenye namba, amepokea amana. Ukiutundika mwenyewe kwenye msumari, ni vigumu kusema nani alikabidhiwa nini. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni meza, daftari na kalamu, vitu ambavyo kila jimu inavyo kwa ajili ya kuandika nani hajalipa ada.

Na siku hizi kinachokabidhiwa ni kikubwa. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, simu ndiyo pochi, na kwa wengi ndiyo benki. Anayeficha simu kwenye kiatu ameficha mshahara kwenye kiatu. Namba ya siri inasaidia, isipokuwa kama ni mwaka wako wa kuzaliwa na kitambulisho chako kipo kwenye suruali ileile. Bonyeza *#06# leo, uandike namba ya IMEI ya simu yako mahali pengine nje ya simu. Utashangaa ni wangapi waliihifadhi ndani ya simu iliyoibwa.

Tatizo hukua zaidi kwa wanaokimbia barabarani. Mbio za Ngorongoro za kilomita 21 huanzia langoni na kumalizikia Karatu mjini, maana yake sweta ulilolivua kwenye baridi ya kule juu haliko mahali unapofika ukitoka jasho. Mkimbiaji lazima amwachie mtu, au abebe. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, hakuwa na simu iliyofungwa mkononi. Mkimbiaji wa leo anaibeba, halafu anashangaa mguu kuwa mzito.

Sitetei makufuli bila kinyongo. Ufunguo hupotea bwawani. Yupo anayefunga kabati la watu wote na kwenda na ufunguo nyumbani wiki nzima, ndani kukiwa na taulo moja bichi. Huyo akatiwe kufuli lake mchana, na taulo aoneshwe.

Kwa wenye jimu na loji wa Karatu, ombi ni dogo. Wekeni visanduku vya simu mapokezi, palipo na macho ya watu, kila kimoja na ufunguo wake. Chumba cha nguo kibaki na nguo. Andikeni daftari la kupokea mikoba. Na msimpekue mfanyakazi kabla mteja hajapekua gari lake.

Nawe mteja, nunua kufuli ulitumie. Kitu kikipotea hata hivyo, piga kwanza simu yako kwa laini ya mwenzako, angalia nyuma ya benchi, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Jina la mtu usilitaje mpaka uwe na la kuonesha.