Je, Wajua? Muhogo Uliojiotea Si Gugu

Je, wajua kwamba muhogo huweza kuota shambani bila kupandwa na mtu? Wakulima wa Maneromango, wilayani Kisarawe, huupanda kwa vipande vya shina, lakini ukiachwa uchanue nao huzaa. Tunda lake likikauka hupasuka na kurusha mbegu tatu zenye mabaka kama za mbarika. Kila mbegu ina kinundu chenye mafuta, na sisimizi wanaokipenda huikokota hadi shimoni kwao. Mbegu hulala humo mpaka shamba lifyekwe, jua lipashe udongo na mvua inyeshe, ndipo huota.

Kwenye palizi ya kwanza mche huo hung'olewa pamoja na magugu. Ukiushuku, fukua taratibu. Muhogo wa kupandwa utaukuta na kipande chake cha shina. Maotea, yaani muhogo uliojiotea, hayana kipande, yana mzizi mkuu ulioshuka wima. Tena wa kipande hurithi kila kitu cha mama yake, ilhali wa mbegu ni aina mpya kabisa. Huenda ukawa mchungu wenye sumu, kwa hiyo usiutafune mbichi, lakini huenda pia ukastahimili maradhi kuliko yote shambani. Kwa mbegu kama hizo watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, walianza miaka ya 1930 kutafuta muhogo unaohimili magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Wamakushi wa Guyana huiacha miche hiyo kwa makusudi, na nadhani wako sahihi.

Bondeni kwenye mpunga kazi ya kutambua gugu ni ngumu zaidi, maana kuna nyasi inayofanana nao mno. Tazama pale jani linaposhikana na shina: mpunga una kiwambo chembamba cheupe, gugu halina. Mfanano huo tumeuzalisha wenyewe. Kwa karne nyingi mikono iling'oa nyasi zilizoonekana tofauti, zikabaki zinazofanana na mpunga zikazaana. Mrusi Nikolai Vavilov ndiye aliyelieleza jambo hili.

Kwenye mboga, kuwa mkali. Mnavu una vitunda vidogo laini; mnanaha, wa ukoo huohuo, una tunda la miiba na jani linalonuka vibaya likifikichwa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na mbegu za mnanaha uliua watu 5 na kuwafanya zaidi ya 300 waugue. Mche usioujua uache ukue uutambue, lakini usiutie chunguni.