Mtihani Usiongoja Mwisho wa Safari

Kila Septemba, watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa, na nyumba nyingi za Geita na Shinyanga huinua mikono kuomba dua. Miaka saba ya masomo hupimwa kwa siku mbili. Matokeo hueleza mtoto amefika wapi, wala hayaelezi alikwama wapi; na yanapotoka, wakati wa kumkwamua umekwishapita.

Tatizo hili ni zito zaidi katika ukanda wa dhahabu. Baba akisikia mwamba umepatikana kwingine, familia huhama, leo Nyarugusu, kesho Mwakitolyo. Mtoto huingia darasa jipya katikati ya muhula, na mwalimu hajui kwamba hesabu za kugawanya zilimpita akiwa njiani.

Njia nyingine imekwishajaribiwa nchini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la XPRIZE, likishirikiana na Serikali na UNESCO, lilipeleka vishikwambi katika vijiji takriban 170 mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000, wengi wao hawajapata kusoma shule, walijifunza Kiswahili na hesabu kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019, programu mbili, ya onebillion na ya Kitkit School, zilitangazwa washindi.

Katika mafunzo ya namna hii, kila jibu ni kipimo. Mtoto akikosea hurudishwa kwenye zoezi. Akipatia husonga mbele, asiwangoje wenzake wala asiburutwe nao.

Aliyesoma chuoni anaujua utaratibu huu. Kila mwanafunzi ana somo lake, humsomea maalimu peke yake, na hapewi jipya kabla ya kulimudu la jana.

Hata hivyo, mashine haikuachiwa neno la mwisho. Huko Tanga, watoto walipimwa na watu, ana kwa ana, kabla ya mafunzo na baada yake. Kishikwambi huhesabu makosa. Hakijui kama mtoto amelala njaa au ameshinda machimboni.

Basi mzazi unayehama, usichukue barua ya uhamisho pekee. Muulize mwalimu mtoto amekwama katika mada gani, uandikiwe, na karatasi hiyo umkabidhi mwalimu mpya siku ya kwanza.